Shusha, Mwembe Yanga!

Sogeeni, wajukuu. Leo sina sungura wala fisi. Nina treni, pantoni, mwembe ambao haupo, na wazee watatu ambao zamani tulipigishwa kwata pamoja. Huyu aliyekaa pale mlangoni mnamjua. Nilikwenda naye Dar es Salaam likizo ya mwezi wa sita, akauliza maswali kuanzia stesheni ya Dodoma mpaka baharini, na ndiyo maana siku hizi namwita Bi Maswali. Nikikosea mahali, atanisahihisha. Hajawahi kuniacha nikosee kwa amani.

Kwanza niwaambie hao wazee ni nani. Zamani, kijana akimaliza kidato cha sita hakwenda moja kwa moja chuoni. Alipelekwa Jeshi la Kujenga Taifa, na si kwa hiari. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 1994. Mimi nilipelekwa Mafinga, mkoa wa Iringa, mwaka 1983. Baridi ya Mafinga inang'ata masikio. Alfajiri tunaamshwa kwa filimbi, tunakimbia mchakamchaka huku tunaimba, tukirudi tunashika jembe. Mgeni kambini aliitwa kuruta, na kuruta hana jina. Ana namba na makosa. Humo ndimo nilimopata marafiki watatu. Mmoja alikuwa akificha viazi vya kuchoma ndani ya buti. Wa pili alikuwa akilia usiku kwa kumkumbuka mama yake, halafu asubuhi anatuchekesha sote. Wa tatu alijua kutengeneza kila kitu kilichoharibika, hata filimbi ya afande, ingawa kwa hilo hatukumshukuru.

Sote wanne tukatawanyika. Mimi nikawa mwalimu Dodoma. Wao maisha yakawapeleka Dar es Salaam: mwenye viazi akafungua duka la khanga Kariakoo, mlizi akawa muuguzi akajenga Temeke, na fundi akawa fundi wa injini kwenye pantoni ya Kigamboni. Tukawa tunapigiana simu, tunazikana wazazi, tunachangiana harusi za watoto. Lakini kukaa kitako nyumbani kwao, siku baada ya siku, sikuwahi tangu nywele zangu zikiwa nyeusi.

Basi tukapanda treni. Watu wa rika langu bado tunaiita gari moshi, ingawa hii haitoi moshi hata kidogo. Inakwenda kwa umeme, na penye njia nzuri inafika kilomita 160 kwa saa. Reli ya zamani, ile nyembamba, Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, na ikafika Kigoma mwaka 1914. Niliposafiri kwa hiyo nikiwa kijana tulilala njiani. Safari hii Bi Maswali alimaliza karanga zake, akauliza kwa nini milima ya Uluguru ni ya buluu kwa mbali na ya kijani kwa karibu, na kabla sijapata jibu la maana tukawa tumefika.

"Bibi, huu mji una watu wangapi?"

Hilo nililijua. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini makao makuu ni kwetu." Mtoto wa Dodoma huyo. Na ni kweli: uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, kabla hata mama yake hajazaliwa.

Aliyetupokea ni yule wa viazi. Mwanamke wa miaka sitini na ushee, amejifunga khanga mpya, kasimama katikati ya umati wa stesheni anapaza sauti: "Kuruta! Simama wima!" Nami bila kufikiri nikasimama wima, na begi kichwani. Bi Maswali akaniangalia kama ananiona kwa mara ya kwanza. Kisha akakumbuka adabu, akasema, "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu. Bibi yako amekwambia aliwahi kuanguka kwenye shimo la mbolea?" Nilikuwa sijamwambia.

Nyumba yake Kariakoo niliyoijua ilikuwa ya Kiswahili: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma. Sasa haipo. Pale limesimama ghorofa, naye anaishi juu na duka liko chini. Mtaa mzima umekuwa hivyo. Tukiwa dukani, Bi Maswali akawa anasoma majina ya khanga, maana khanga isiyo na maandishi ni kitambaa tu, na akauliza, "Bibi, na Kariakoo maana yake nini? Mbona haifanani na Kiswahili?"

Hapo sasa, wajukuu, ndipo safari yetu ilipogeuka. Tulikuwa tumekwenda kuona majengo. Tukaishia kutafuta majina.

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza na Wajerumani walipigana hapa kwetu, katika ardhi isiyo yao. Barabara zilikuwa chache. Ng'ombe na punda walikufa kwa ndorobo. Sasa risasi, unga na mahema vitabebwa na nani? Na watu. Waingereza wakakusanya wapagazi, wengi wao kwa nguvu, mamia ya maelfu kutoka pande zote za Afrika Mashariki, wakakiita kikosi chao Carrier Corps. Makumi ya maelfu hawakurudi makwao, na wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na njaa na maradhi. Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam Septemba 1916, wapagazi wakapigishwa kambi sehemu hii. Wenyeji wakalitamka jina hilo la kigeni kwa ulimi wao: Kariakoo. Nairobi nako wapo waliobaki na jina hilohilo, ila wao husema Kariokor.

"Kwa hiyo," akasema Bi Maswali, "kila konda anapoita Kariakoo, Kariakoo, anawaita wale wapagazi?"

Mwenye duka akaacha kukunja khanga. Ameishi pale zaidi ya miaka thelathini, akasema, na hakuwahi kulifikiria hivyo.

Soko lenyewe tulilizunguka kwa nje. Lilichorwa na Beda Amuli, Mtanzania, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki, na likafunguliwa mwaka 1975. Tazameni paa lake siku mkienda. Limekaa kama miavuli iliyogeuzwa juu chini, kwa kusudi: mvua ikinyesha, maji yanateremkia ndani ya nguzo na kukusanywa chini. Julai 2021 soko hilo liliungua, na wafanyabiashara wengi walipoteza mali yote kwa usiku mmoja. Rafiki yangu anausimulia moto ule kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja msiba.

Asubuhi yake tukatoka kwa miguu kwenda Feri. Rafiki yangu alikataa daladala. "Mji hausomwi dirishani," akasema, nasi tukaburuzwa. Tukapita Mnazi Mmoja, ule uwanja mpana wenye miti. Wakoloni waliuacha wazi makusudi, ili mitaa ya Waafrika huku na mitaa ya Wahindi na Wazungu kule isigusane. Leo watoto wanacheza mpira katikati ya ukuta ule usioonekana. Bi Maswali aliutafuta huo mnazi mmoja. Aliona minazi, lakini akasema hawezi kuthibitisha upi ndio wenyewe.

Tukafika kwenye Sanamu ya Askari. Mnaijua katika picha: mwanamume wa shaba, bunduki mbele yenye singe, amekaza macho kuelekea bandarini. Kabla yake alisimama hapo gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, wa shaba pia. Waingereza wakamng'oa, na mwaka 1927 wakamweka askari huyu, kwa kumbukumbu ya Waafrika waliopigana na waliobeba mizigo katika vita ile. Maandishi yake yako kwa Kiingereza na Kiswahili.

"Na mpagazi yuko wapi?" akauliza Bi Maswali.

Tulizunguka sanamu yote. Mpagazi anatajwa kwenye maandishi, ila umbo lake halipo. Sanamu nyingine ya kumbukumbu hiyohiyo iko Nairobi, nayo ina watu watatu, na mmoja ni mpagazi. Hapa kwetu yuko askari peke yake. Mimi nasema hivi, na mtu asinikasirikie: bora mpagazi. Askari ana mguu wa shaba ambao watu wanaupita bila kuuangalia. Mpagazi ana soko, ana mtaa, na jina lake linaitwa kutwa nzima na watu wenye haraka.

Makumbusho ya Taifa tuliyapitia siku hiyohiyo, na nitayapitia upesi vilevile, kwa sababu miguu yangu ilikuwa imeshagoma. Yalifunguliwa mwaka 1940. Humo ndimo linamohifadhiwa fuvu la Zinjanthropus, lililookotwa na Mary Leakey kule Olduvai tarehe 17 Julai 1959. Lina umri wa miaka milioni moja na laki saba na nusu hivi. Magego yake ni mapana ajabu. Bi Maswali alipoambiwa umri huo alimtazama rafiki yangu, akanitazama mimi, akawa na adabu ya kutosema kitu. Ng'ambo ya pale kuna bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893, na tausi wanatembea humo kama wenye nyumba. Tukakaa kivulini tukala embe la chumvi na pilipili.

Kisha Feri. Hapo harufu inakupokea kabla ya mtu: samaki, moshi wa kuni, mafuta ya kukaangia. Wachuuzi wanapiga mnada wa changu na kolekole kwa kasi hata mwalimu wa hesabu mstaafu nikashindwa kufuata bei. Fundi wetu alikuwa anatusubiri kwenye geti la pantoni. Amestaafu, lakini kila siku huja kuzisikiliza injini. Hasemi kuziona, anasema kuzisikiliza. Akamshika Bi Maswali mkono. "Umekuja kuuliza? Uliza."

Akaulizwa: kwa nini hapa panaitwa Kivukoni?

"Kwa sababu panavukwa. Kiswahili kina ufunguo mdogo sana, ni -ni tu. Ukiutia mwishoni mwa neno, neno linakuwa mahali. Kivuko, Kivukoni. Gereza, Gerezani. Mikoche, ile miti ya pwani, Mikocheni. Mkwaju, Mkwajuni. Mbuyu, Mbuyuni. Ukijua hilo, nusu ya ramani ya mji unaisoma bila ramani."

Akaulizwa: na Dar es Salaam yenyewe?

Hapo akakaa kwenye gogo. Zamani, akasema, upande huu palikuwa na kijiji cha wavuvi, Mzizima. Katika miaka ya 1860 Sultani Majid wa Unguja akaupenda mlango huu wa bahari, mwembamba nje na mpana ndani, meli zikiingia zimetulia hata bahari ikichafuka. Akaanza kujenga kasri na nyumba, na mji wake mpya ukaitwa kwa jina la Kiarabu lenye amani ndani yake. Mwaka 1870 akafariki. Aliyemfuata hakuujali mji huo, majengo yakaanza kubomoka, nyasi zikaingia. Ungeishia hapo. Lakini mwaka 1891 Wajerumani wakahamisha makao ya utawala wao kutoka Bagamoyo na kuyaleta hapa, kwa sababu ileile iliyomvuta Majid: meli kubwa Bagamoyo hazina pa kutia nanga karibu, na hapa zinapata.

Tukapanda pantoni. Magari chini, baiskeli, mikokoteni, akina mama na ndoo za samaki, wanafunzi wenye sare. Inaingiwa huku na kutokewa kule, hakuna kugeuza. Maji yakijaa daraja la kupandia linakuwa tambarare, yakipwa linainama, na dereva asiyejua saa ya maji anaweza kuchubua gari. Dakika chache tu, umefika Kigamboni. Bi Maswali akauliza mbona hawajengi daraja pale pale. Mzee akacheka, akamwonyesha meli ya makontena inapita mbele yetu, ndefu kama mtaa. "Mwambie hiyo ipite chini ya daraja." Daraja lipo, ila limewekwa ndani zaidi, Kurasini, ambako meli hizi haziendi. Lina urefu wa mita 680, lilifunguliwa mwaka 2016, na linaitwa Daraja la Nyerere. Pantoni haikufa kwa sababu yake. Asubuhi na jioni bado inajaa, kwa kuwa mwenye miguu tu hana sababu ya kuzunguka.

Akabaki wa tatu, muuguzi wa Temeke, na huku ndiko tulikopotea.

Tulipanda daladala. Jina hilo nalo lina historia yake: mwaka 1983, nilipopita Dar es Salaam kwenda kambini, mabasi ya watu binafsi ndiyo kwanza yaliruhusiwa kubeba abiria mjini. Nauli ilikuwa shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano watu waliiita dala. Makonda wakawa wanaita "Dala! Dala!" na dala ilipotoweka jina likabaki. Mabasi mengine yalikuwa ya viti vya kutazamana, magoti kwa magoti, yakiitwa chai maharage.

Nilikuwa na maelekezo ya rafiki yangu, ya miaka ishirini iliyopita, nimeyatunza kichwani: shuka Mwembe Yanga, fuata njia ya kushoto, utaona mwembe mkubwa, nyumba ya tatu kutoka kwenye mwembe. Kupiga simu niliona aibu. Kuruta wa Mafinga aulize njia?

Shida ya kwanza ilikuwa Bi Maswali. Ni Simba damu. Konda aliposema tunakaribia Mwembe Yanga, akashika kiti. "Mimi sishuki kwenye mwembe wa Yanga." Abiria wakashangilia, nusu wakimuunga mkono na nusu wakimzomea. Konda, Yanga huyo, akamwambia timu yake ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, kwa hiyo mdogo ashuke amwamkie mkubwa. Tukacheka, kituo kikapita. Nilipokumbuka kupiga kelele "Shusha!" tulikuwa mbele kabisa.

Tukarudi kwa miguu. Njia ya kushoto nikaiona. Mwembe sikuuona. Tukaenda mpaka mwisho, tukarudi, tukaenda tena. Mara ya tatu nikamsimamisha kijana wa bodaboda, nikamuuliza kwenye mwembe ni wapi.

"Ndipo hapa, bibi."

"Mwembe wenyewe uko wapi?"

"Haupo. Walikata kupanua njia, mimi nikiwa mdogo. Lakini kwenye mwembe ndipo hapa."

Alisema bila kuona ajabu yoyote. Mama lishe aliyekuwa jirani akathibitisha: ndiyo, kwenye mwembe ni hapa. Mtoto wa miaka kama mitano, ambaye hajawahi kuuona mti ule, akatuonyesha kwa kidole palipokuwa na shina. Bi Maswali akaenda akasimama pale, kwenye lami, chini ya kivuli ambacho hakipo. Nyumba ya tatu, mlango ukafunguka, na mlizi wetu wa Mafinga akatoka akilia, kama kawaida yake, kisha akatuchekesha mpaka usiku.

Kwake tulikaa siku nne. Jioni alitupeleka kuona viwanja viwili vinavyotazamana. Ule mkubwa wa Benjamin Mkapa, wa watu 60,000, Bi Maswali aliupiga picha kumi na moja. Rafiki yangu alisimama zaidi mbele ya ule wa zamani, Uhuru. Mama yake alikuwamo humo usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961. Taa zikazimwa, bendera ya Uingereza ikashushwa gizani, zikawashwa, na bendera mpya ikawa juu. Usiku huohuo Luteni Alexander Nyirenda alikuwa kileleni Kilimanjaro na mwenge na bendera. Mama mtu hakukumbuka hotuba. Alikumbuka kwamba gizani, sekunde zile chache, watu wote wale walinyamaza.

Siku ya kuondoka, Bi Maswali alikuja na kokwa la embe tulilokula bustanini. Kumbe alikuwa amelitunza kwenye soksi. Akamwomba mwenye nyumba alipande karibu na geti, nje, watu waone. Na akatoa sharti: likiota, mahali hapo paitwe Mwembe Simba. Rafiki yangu ni Yanga tangu tumboni, lakini ni mtu wa kutimiza ahadi.

Wiki iliyopita alinipigia simu. Mche umeota, una majani tisa, na mbuzi wa jirani amefungwa kamba.